Mgeni wa Kupima Umaskini

Simu iliingia Mama Kahambu akiwa anapima sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, kwenye meza yake mbele ya nyumba. Aliyeipokea ni Masika, binti yake, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anarudi na maji. Masika alisikiliza, akasema "Oui, monsieur" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akaweka bidoni ya maji chini na kuikalia.

"Ni nani?" mama yake akauliza.

"Batu ba fondation. Batakuya siku ya ine, hapa nyumbani."

"Kutafuta nini?"

"Kuangalia kama tuko maskini kweli."

Mama Kahambu aliacha kikopo kikining'inia hewani. Mteja wake, mwanamke wa barabara ya chini, aligeuka akaitazama ile nyumba ya mbao kuanzia bati hadi mawe ya msingi, kana kwamba naye ameombwa kutoa maoni.

"Si lazima useme kwa nguvu," mama akasema.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Masika alikuwa mwaka wa tatu wa kilimo katika chuo kikuu kimojawapo cha Goma, na tangu muhula uliopita alikuwa anasomea dirishani. Wasiolipa ada hawakuruhusiwa kuingia ukumbini, lakini hakuna aliyewakataza kusimama nje na daftari. Hata hivyo alama zake zilikuwa nzuri kuliko za wengi waliokaa kwenye viti. Ndipo fondation moja, taasisi ya ufadhili yenye ofisi Himbi, mtaa wa wenye pesa, ikatangaza nafasi za kwenda kumalizia masomo Ubelgiji, kwa wanafunzi wenye akili na wasio na pesa. Tiketi, shule, chumba, chakula, vyote juu yao. Masika alishindana kwa alama akapita, akahojiwa akapita tena. Ilibaki ziara ya nyumbani tu. Wakala wao angefika, angeona kwa macho yake, angeandika. Familia ikionekana ina uwezo, nafasi ingekwenda kwa mwanafunzi anayengoja nyuma, na Masika angerudi dirishani kwake. Na mitihani, kila mtu alijua, haifanywi dirishani.

Ukitazama vizuri, jambo lilikuwa rahisi mno. Kwa mara ya kwanza tangu familia hiyo iitwe familia, kukosa kitu kulikuwa na faida. Hawakutakiwa kufanya lolote, wakae tu jinsi walivyo. Lakini jaribu wewe kumwambia mama wa kabila la Wanande akae jinsi alivyo wakati mgeni yuko njiani.

* * *

"Mugeni atakaa fasi gani?" Mama Kahambu aliuliza jioni, fufu ikiwa katikati yao.

"Kwa benchi," Masika akajibu.

"Ile benchi iko na mguu mubaya."

"Njo vile inafaa, mama. Aanguke kidogo."

Baba yake, Kasereka Fortunat, alicheka hadi akakohoa. Mama hakucheka. Alisukuma sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kuelekea kwa mumewe, apate kazi ya kufanya na mdomo wake.

"Masika, unisikie. Huyu mutu anatoka Himbi. Anakuya kwangu, kwa mulango yangu. Mi nimupokee na benchi ya kuvunjika na maji ya bidoni? Atauliza huyu mutoto alilelewa na batu ba namna gani. Nani atatuma Bulaya mutoto ya batu benye hawajue kupokea mugeni?"

"Hawatafute adabu, mama. Banatafuta umaskini."

"Umaskini unaonekana ata kama mutu anakaa kwa kiti muzuri."

"Unaonekana wapi, sasa, kama amekalia kiti muzuri?"

Mama Kahambu alipandisha sauti. Alisema kwamba yeye, tangu aolewe, hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumbani kwake akaenda kucheka barabarani, na hataanza na huyu wa Himbi. Masika alimgeukia baba yake.

Papa Fortunat alikuwa mtu wa amani, hasa wakati wa chakula. Zamani alikuwa akishusha maharagwe ya Rutshuru kwa gari zima la kukodi. Barabara ilipoharibika kwa vita biashara ikamfia mkononi, na sasa alikuwa akipanda kwa miguu hadi Kibati kuchukua makala, yaani makaa ya kupikia, ambayo aliyauza kwa kikopo kwenye kona ya barabara. Koti la mfanyabiashara hakulivua. Alipima makala akiwa amelivaa.

"Bote muko na haki," alisema.

"Haiwezekani bote, papa."

"Uache. Nitaongea na mama yako."

Aliongea naye kweli. Asubuhi Masika alipomuuliza yameishia wapi, baba alijikuna shingo, akasema mama anaonelea heri kuwe na rido, pazia la mlangoni, na kwamba yeye mwenyewe, akifikiri vizuri, rido haijawahi kumharibia mtu.

* * *

Inafaa kueleza jinsi mambo yanavyokwenda katika shirika lao la parokia, lile kundi la majirani wanaosali pamoja kila juma. Mtu akipata mgeni, msiba au ubatizo, wengine wanamwazima vyombo. Hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba kitu cha kuazimwa hakitembei peke yake. Mwenyewe anakuja nacho, anakaa karibu nacho, na shughuli ikiisha anarudi nacho. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilianza baada ya sufuria moja kurudi bila kifuniko, na kila mtu alikuwa na jina lake la kulaumu.

Mama Kahambu aliwaambia tu kwamba anapata mgeni kutoka Himbi kwa ajili ya masomo ya Masika. Hakusema mgeni anakuja kupima nini. Hayo mengine aliyameza.

Siku ya nne asubuhi, kabla jua halijapanda, kanape ya Emerance wa shirika iliwasili juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Ilikuwa kochi la mahameli, rangi ya divai, la watu watatu walioshiba. Msukuma chukudu alikuwa mbele analaani mawe, na Emerance alikuwa nyuma, ameshika mguu wa kanape kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Baadaye akaja Bagalwa, mwenye kibanda cha kuchajia simu, amekumbatia televisheni bapa iliyofunikwa kwa shuka. Niyigena alileta sahani za maua na glasi za miguu mirefu, akazipanga mezani huku akizitaja moja moja kwa sauti, mashahidi wasikie. Rido nazo zilipatikana. Ni afadhali tusiseme zilitoka wapi, maana Jumapili zilitakiwa zirudi madirishani kwake kabla ya misa, mbele ya Bwana.

Masika alikuwa ametumwa maji mapema kwa makusudi. Aliporudi alisimama mlangoni na bidoni yake, akadhani amekosea nyumba.

"Mama. Hii ni nini?"

"Ni nyumba."

"Ya nani?"

Mama Kahambu alikuwa amevaa liputa mpya, kitenge cha sikukuu, na nyuma ya nyumba kulikuwa na harufu ya kuku. Masika alijua mara moja kuku huyo ametoka wapi. Alitazama meza ya sambaza. Ilikuwa tupu, imegeuzwa miguu juu. Mtaji wote wa mama yake ulikuwa unachemka pale kwenye sufuria. Alishikwa na hasira, na chini ya hasira alishikwa na huruma, na kati ya hizo mbili hakujua ianze ipi. Akaenda kushika televisheni aitoe.

"Pole pole, mutoto," Bagalwa akasema kutoka kwenye kiti chake. "Hiyo kitu inashikwa na mikono mbili."

"Papa Bagalwa, nakuomba, uirudishe."

"Mama yako njo aliniita. Anifukuze yeye."

Nje, mtu akapiga hodi.

* * *

Monsieur Dieudonné, wakala wa fondation, alikuwa kijana mrefu mwenye viatu vilivyokuwa vyeusi alipotoka ofisini na sasa vilikuwa vya kijivu kwa vumbi la volkano. Alishika tablette kifuani. Alikuwa amezoea nyumba ambazo mtu akiingia anainama na kutafuta pa kukaa, kwa hiyo aliingia ameinama, akanaswa kichwa na rido, akainuka, akaiona kanape. Alisimama kidogo.

"Karibu, monsieur, karibu, ukae," Papa Fortunat alisema, koti limefungwa vifungo vyote. "Ukae bila haya."

Kijana alikaa. Kanape ilimmeza hadi magoti yakawa juu. Emerance, aliyekuwa kwenye kona, alifumba macho kidogo alipoona lile vumbi.

"Niko na lazima ya kupiga picha," wakala akasema.

"Ungoje kwanza," Mama Kahambu akamzuia. Alikwenda akasogeza chombo cha maua ya plastiki kando ya televisheni, akarudi nyuma akatazama, akakisogeza tena kidogo. "Sasa, piga."

Akapiga. Masika alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, na kila tablette ilipolia alisikia kama mlango unafungwa.

"Tuanze na muzee. Nyumba hii ni yenu?"

"Kwa sasa ni ya kulipia kila mwezi," Papa Fortunat alisema. "Lakini niko na shamba kule Rutshuru. Kubwa sana. Ukisimama huku hauone mwisho."

Wakala akaandika.

"Papa, hatufike kule," Masika akasema. "Ni miaka sasa hatufike."

"Hatufike, lakini iko."

"Na kazi yako, muzee?"

"Commerçant. Mufanya biashara."

"Wa nini?"

Papa Fortunat alitazama dari, ambayo haikuwepo, ilikuwa bati tu. "Wa énergie," akasema.

Bagalwa aligeuza uso ukutani. Wakala aliinua kichwa kwa heshima mpya. "Courant ya umeme? Ama mafuta?"

"Makala, monsieur," Masika akasema. "Anauzisha makala kwa kikopo."

Baba yake alimtazama kama mtu aliyevuliwa koti barabarani, na Masika akainamisha macho. Hakujua kwamba kusema ukweli wa nyumbani kwenu kunaweza kuuma hivyo mdomoni.

Kuku aliletwa. Mama Kahambu alimpakulia mgeni paja na mchuzi hadi ukingoni mwa sahani ya maua, Niyigena akiisindikiza sahani kwa macho. Mgeni alikataa, akasema hawaruhusiwi. Akaambiwa kwamba hapa anaruhusiwa. Akala. Alipotaka kuweka glasi ya Fanta kwenye mkono wa kanape, kitambaa kikawa kimeshafika chini yake.

"Pole, monsieur," Emerance alisema. "Hiyo haipende maji."

"Mama ni nani katika familia?" wakala akamuuliza.

"Mi niko jirani. Nilipita tu kusalimia."

"Na papa huyu?"

"Na mimi nilipita," Bagalwa akasema.

"Iko nyumba ya batu," wakala alisema kwa tabasamu, akaandika kitu. "Mama, kuko na swali inaonekana mubaya kidogo, lakini iko hapa. Munakula mara ngapi kwa siku?"

Hapa ndipo Masika alipoomba moyoni. Alimtazama mama yake kwa nguvu zake zote. Walikuwa wakila mara moja, jioni, na siku nyingine jioni hiyo ilichelewa sana kufika.

Mama Kahambu alimtazama mgeni, akaitazama sahani yake, akawatazama wanawake wenzake.

"Mara tatu," akasema. Na kwa kuwa uongo ukishaanza hauna breki, akaongeza, "Na chai saa kumi."

Wakala aliweka tablette magotini. Hakuwa mtu mbaya, na tumbo lake wakati huo lilikuwa upande wao. Alisema taratibu kwamba anashukuru sana kwa mapokezi, kwamba hajawahi kupokewa namna hii tangu aanze kazi, na kwamba familia hii Mungu ameibariki.

"Njo maana itabidi niseme ukweli. Kuko bana wanalala chini kwa mawe. Kuko mumoja anangoja nafasi hii, nilifika kwao jana. Mademoiselle Masika ni mwenye akili, atapata njia na muzazi wake. Mi siwezi kuandika uongo. Munisamehe."

Masika alifungua mdomo, akawaona Emerance, Bagalwa na Niyigena, akamwona mama yake katika liputa ya sikukuu, amenyooka, mkono juu ya sufuria. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo, mbele ya mgeni na mbele ya shirika zima, lingekuwa sawa na kumvua mama yake liputa ile. Akafunga mdomo, akatoka kupitia mlango wa nyuma.

* * *

Mlango wa nyuma haukuwa na rido, kwa hiyo Mama Kahambu alimwona. Masika alikuwa amesimama karibu na jiko, mgongo kwa nyumba, ameshika ukuta wa mawe. Hakutoa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakilia.

Kahambu alikuwa amezaa watoto wanne na kuzika wawili, na alijua mabega ya kila mmoja. Aliona wazi alichofanya, kama vile mtu mwingine ndiye alikifanya na yeye anapita njia.

"Monsieur," akasema. "Simama kidogo."

"Tayari naenda, mama."

"Hauende. Simama tu. Emerance, chukua kanape yako."

Emerance alifikiri amesikia vibaya. "Mugeni angali anakula."

"Chukua."

"Kahambu, kwa heshima ya batu..."

"Emerance. Nimesema uchukue."

Wakala alisimama. Bagalwa na Emerance walibeba kanape wakaitoa, ikakwama mlangoni, ikabidi Papa Fortunat asukume kutoka ndani, koti likapasuka kwapani. Kisha Bagalwa akarudi kuchukua televisheni na shuka lake. Rido zikashuka. Niyigena alikusanya sahani na glasi, akabaki amesimama mbele ya mgeni akingoja, kwa adabu lakini bila kuondoka, hadi kijana akaelewa, akachukua paja lake la kuku kwa mkono, akampa sahani.

Hivyo ndivyo wakala wa fondation alivyojikuta amesimama katikati ya chumba, paja mkono huu, tablette mkono ule, mchuzi ukimwingia mkononi mwa shati. Alitazama huku na huku. Kulikuwa na benchi yenye mguu mbaya, bidoni mbili, kitanda nyuma ya kipande cha hema, na ukutani magazeti ya zamani yaliyobandikwa kuzuia upepo. Magazeti hayo yalikuwa yamefunikwa na mgongo wa kanape.

"Na kuku?" akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kwamba kuku naye ataitiwa mwenyewe amchukue.

"Kuku ni yangu," Mama Kahambu akasema. "Nilimununua na franga ya sambaza. Kula, hiyo njo yetu kweli."

Masika alikuwa amerudi mlangoni. Alimtazama mama yake na hakuthubutu kusogea.

Wakala alikaa kwenye benchi. Benchi ikainama, akaishika kwa mguu wake mwenyewe. Alimaliza kuku, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akajifuta, akawasha tablette.

"Niko na lazima ya kuanza upya," akasema. "Picha, yote. Na mwisho kuko fasi ya familia kusema, kwa maneno yake, juu ya nini inaomba musaada. Naandika vile munasema. Muzee?"

Papa Fortunat alikohoa. "Familia yetu," alianza, "kwa sasa inapitia kipindi, période fulani ambayo, ukitazama na hali ya dunia..."

"Kwa kifupi, muzee."

Papa Fortunat alijaribu kifupi. Mtu huyu aliyeweza kuita makala énergie hakuweza kupata jina la kuiita hali yake. Alikaa kwenye bidoni, akatazama viatu vyake.

"Hatuna," Mama Kahambu akasema.

"Pole, mama?"

"Hatuna kitu."

"Sisikie muzuri. Batu wanaongea inje." Ni kweli, nje walikuwa wamejaa. Kanape ilikuwa imetuliwa juu ya mawe mbele ya mlango na Emerance ameikalia, Bagalwa kando yake na televisheni magotini, Niyigena na sahani zake, na majirani wengine waliokuja kuuliza kwa nini kanape iko nje. "Rudia, mama. Pole pole, juu naandika. Na sababu."

Mama Kahambu alisimama. Alijifunga liputa upya. Aligeukia mlango, akawaona wote wanamtazama, akageuka tena kwa kijana.

"Tuko maskini," alisema, na safari hii hata barabara ya chini walisikia. "Tunakula mara moja, mangaribi, na siku ingine hatukule. Bwana yangu anauzisha makala. Leo kuku imekula meza yangu, kesho sina kitu ya kuuzisha. Mutoto yangu anasomea kwa dirisha, mvua ikinyesha ananyeshewa na ile daftari. Mimi njo nilidanganya, si yeye. Umeandika?"

"'...si yeye'," kijana akasema, akiandika. "Nimeandika."

Mama Kahambu alingoja kicheko kutoka nje. Alikingoja amenyoosha shingo, tayari kukipokea, kwa sababu yeye mwenyewe, kama ingekuwa nyumba nyingine, pengine angecheka kidogo.

"Monsieur," sauti ya Emerance ikasema kutoka kwenye kanape. "Na mimi uniandike."

"Mama?"

"Hii kanape sijamaliza kulipa. Mwenye duka anapita kwangu kila juma, mi najificha kwa choo. Niko na mutoto wa mwaka wa pili. Umuandike."

"Na hii tele haiwake," Bagalwa akasema. "Iliungua zamani sana. Naifunika na shuka batu wasijue. Uandike."

"Sahani ni za dada yangu," Niyigena akasema taratibu, na hili, kwa waliomjua Niyigena, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Wakasogea mlangoni wote kwa pamoja. Mmoja alikuwa na mume asiye na kazi, mwingine bati linalovuja, mwingine aliapa kwamba kwake hata benchi hakuna na kijana aje aone sasa hivi. Walikuwa wanasukumana. Wakala alirudi nyuma na benchi yake.

Mama Kahambu alisimama mlangoni, akafungua mikono akashika mbao za pande zote mbili.

"Mungoje kwanza," akasema. "Leo maskini ni siye. Nyiye yenu mutasema siku yenu."

Emerance ndiye aliyeanza kucheka, akiwa amekalia deni lake la mahameli, kisha Bagalwa, na mwisho hata Papa Fortunat kwenye bidoni. Mama Kahambu hakucheka. Aliendelea kushika mbao zile kwa nguvu.

* * *

Ujumbe ulifika siku Mama Kahambu amerudisha meza yake, sambaza chache za kukopa kwa wavuvi, zilizotandazwa mbali mbali ili zionekane nyingi. Masika alitoka ndani ameshika simu kwa mikono miwili. Papa Fortunat alikuwa ameshausoma juu ya bega lake na alikuwa tayari yuko barabarani, anasimamisha watu, koti limeshonwa kwapani kwa uzi wa rangi nyingine.

"Mama, bamekubali."

"Bamekubali nini?"

"Vile ulisema. Naenda. Yote bamekubali."

Mama Kahambu alikuwa anampimia mteja. Kikopo kilikuwa kimejaa, lakini mkono wake uliendelea kuongeza, sambaza zikamwagika kwenye karatasi, na mteja, mtu mwenye akili, hakusema lolote.

"Basi nilisema muzuri," akasema.

"Ulisema muzuri, mama."

"Sababu ile siku, mbele ya Emerance, mutoto yangu, nilizani nitakufa."

Masika alizunguka meza akamshika. Mama Kahambu alilia pale pale mbele ya wateja, kwenye mwanga wa mchana, bila kujificha, na hakutafuta kitu cha kufunika uso.